Mwaka Nilipozuia Chakula cha Chui

Mamlaka tatu za nchi, mjukuu wangu Ruth anazisoma kwenye karatasi. Mimi nilizipikia. Nilizipikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kasenga, nikazimiminia maji ya kunawa, nikaokota miiba zilipomaliza kula. Kwa hiyo Ruth akiketi mezani kwangu hapa Katuba, Lubumbashi, na kuchora maduara matatu, moja la serikali, moja la bunge, moja la mahakama, akanieleza kwamba kila duara linalichunga jingine ili asiwepo mmoja wa kuimeza nchi peke yake, ninamsikiliza kwa fahari. Anasomea sheria chuo kikuu, na ada yake imetoka kwenye mafuta ya maandazi yangu, mafuta yaliyoniunguza mikono hii mpaka ikafanana na gome la mti. Nina haki ya kujivuna. Lakini akifika kwenye hilo neno la kuchungana, nainuka kutafuta chumvi. Walichungana, ndiyo. Niliwaona kwa macho yangu. Walichungana nani atachukua kichwa cha samaki.

Juzi alikuwa analirudia somo hilo kwa sauti, nami nachambua sombe, simu ikalia. Sauti ya mwanaume, nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mama Mwape, njo mie, mutoto wa Papa Juge. Muzee alituacha leo asubuyi. Mama anasema we njo munungwe wetu, hatuwezi kumuzika bila we kufika." Nilisema nimesikia. Niliweka simu juu ya meza, juu ya duara la mahakama, nikaendelea kuchambua majani yale mpaka Ruth akanishika mkono, maana nilikuwa natupa majani na kubakiza vijiti.

Asiyetoka kwetu lazima aelezwe. Koo zetu zina utani, tunauita bunungwe. Chui hula mbuzi, basi mtu wa ukoo wa Chui na mtu wa ukoo wa Mbuzi ni banungwe. Wanatukanana na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, wananyang'anyana vitu mpaka mwenye kitu akikomboe, na mmoja akifa, mwenzake ndiye anayekuja kilioni kumcheka maiti na kuziba njia ya jeneza. Wafiwa wanampa kuku, au chumvi, au kitambaa, anapisha. Ni mchezo, lakini bila mchezo huo watu wanarudi kutoka makaburini wakiwa na wasiwasi, kama waliosahau kufunga mlango. Mimi ni Mbuzi. Papa Juge, jaji wa mahakama, alikuwa Chui. Na tangu mwaka ule wa ujana wangu sijawahi tena kumtania Chui yeyote, hata sokoni, hata harusini. Watu wengine hudhani sina ukoo.

Nilikuwa msichana ambaye matiti yamemaliza kuota na akili bado. Nilikuwa nimetoka Kasomeno pamoja na kaka yangu Chola, tukapanga chumba kimoja huko Naviundu, karibu na mto, ukuta unatoka jasho wakati wa mvua. Chola alibeba makala, makaa ya kupikia, kwa baiskeli, magunia yamepandana mpaka ukimwona kwa nyuma huoni mtu, unaona mlima unaotembea. Yeye ndiye aliyesikia kwamba nyumbani kwa jaji mmoja katikati ya mji wanatafuta mpishi. Nilifika pale na viatu vya kuazima. Papa Juge alikuwa kwenye baraza, mwembamba, miwani puani. Aliponiuliza ukoo nikasema Mbuzi, akafunga kitabu chake. "Nani ananiletea nyama mupaka ku mulango?" Nikajibu bila kufikiri, maana kinywa changu hakijawahi kungoja ruhusa: "Papa, meno yako ilishazeeka. Utakula sombe tu." Mke wake, Mama Juge, alicheka mpaka akashika nguzo. Nikapewa aproni siku hiyohiyo.

Siwezi kusema uongo, niliipenda nyumba ile. Ilikuwa ya matofali mekundu, Wabelgiji waliijenga na kuiacha na sahani zao kabatini, na sakafu yake nyekundu niliisugua kwa nta mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Nyuma kulikuwa na kijumba cha watumishi, na humo nililala juu ya godoro kwa mara ya kwanza maishani. Usiku wa kwanza niliteremka nikalala chini, nikiogopa kuzama. Chumba cha kulia kilikuwa na meza ya mbao nzito na juu yake, ukutani, picha ya Rais wa wakati ule, kofia kichwani, akitazama ndani ya sahani zetu. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Chama kilikuwa kimoja, na kila mtu alikuwa mwanachama, hata mimba iliyo tumboni, ndivyo watu walivyosema, wengine wakicheka na wengine hapana.

Kila Jumapili baada ya misa walikuja wageni wawili, walewale. Mmoja alikuwa Papa Komiseri, mkubwa wa zone, yaani mwenye polisi, mwenye bendera, mwenye funguo. Mfupi, mcheshi, alikula kama mtu anayefukuzwa. Wa pili alikuwa Papa Mbunge, vidole virefu, harufu ya marashi ya Kinshasa, kwani huko ndiko walikokwenda kutunga sheria, na kila aliporudi alikuwa na habari mpya na suti mpya. Watatu walinawa katika beseni moja na kula bukari moja, mlima mmoja mweupe katikati ya meza, kila mtu akimega upande wake. Nikisimama kando ya kabati na kitambaa cha mikono, niliwasikia. Papa Komiseri akisema, "Kesi ya yule mutu wa duka, Juge, usiikaze sana." Papa Juge akisema, "Nitaona." Papa Mbunge akisema, "Muione vizuri, ni mukwe wangu." Halafu, "Pitisha pilipili." Leo Ruth ananiambia kwamba nchi yenye afya ni ile ambayo hao watu watatu hawali pamoja. Namwambia wale pamoja tu, mwanangu, hata ndugu wanakula pamoja. Shida si chakula. Shida ni nani amesimama kando ya kabati, na kama kuna mtu anamsikia.

Mvua zilipokuwa zinaisha, mwanamke mmoja jirani yetu wa Naviundu alikuja kwenye geti la nyuma, ameweka mikono kichwani. "Mwape, balimukamata Chola. Ku biro ya zone. Juu ya bendera." Wakati ule bendera ikipandishwa asubuhi kila mtu alisimama pale alipo kama amepigiliwa msumari, hata mwendawazimu alisimama. Chola alikuwa anateremka mteremko ulio mbele ya ofisi na magunia yake, na breki za baiskeli ile zilikuwa nyayo zake mwenyewe. Alipita katikati ya askari waliopiga saluti, akaangusha tarumbeta ya mmoja, akaenda kusimama kwenye ukuta. Nilipomwona kwenye kasho, nyuma ya ofisi, kupitia kidirisha chenye vyuma, alikuwa na jicho lililofungika na bado anacheka. "Dada, bendera ilikuwa inapanda, mie nilikuwa nashuka. Nani alikuwa na makosa, miye ao mulima?" Kisha akakohoa, akakohoa sana, kwa sababu mahali pale palikuwa na maji chini na vumbi la makala lilikuwa limekwisha kumkaa kifuani tangu zamani. Akaniambia, "Bale bakubwa batatu banakulia mu mikono yako kila Jumapili. Basi sema nabo. Ao utiye chumvi mingi."

Nilikwenda kwa Mama Juge. Alikuwa anashona kifungo chumbani, mlango wazi. Nilipiga magoti. Hakuniinua, lakini aliacha kushona. Alisema, "Mie nikimwambia bwana wangu, atasema kazi yake haingie mu kitanda. Na mutumishi hasemake na bageni ku meza, unajua. Lakini munungwe anaweza kusema ile anataka, na hakuna wa kumukatalia. We uko bote bawili, Mwape. Pita ku mulango ya munungwe." Nikaona ni akili. Hata leo naona ilikuwa akili. Msichana wa jikoni angefukuzwa, Mbuzi asingefukuzwa. Hatukufikiri, si mimi wala yeye, kwamba mlango wa munungwe umefunguliwa kwa sababu moja tu: yanayopita humo hayahesabiwi.

Jumapili ile nilipika kama kwenye harusi. Bowa, uyoga mkubwa wa mvua za mwisho, na samaki mzima. Niliingia na bukari mikononi, sikuiweka mezani. Nikasimama nayo, mvuke unanipanda usoni, nikasema kwa sauti ya utani, kiuno kimepinda, "Leo Mbuzi amekamata chakula ya Chui. Munirudishie kaka yangu Chola mwenye iko mu kasho ya Papa Komiseri, nitabarudishia bukari yenu." Papa Juge akapiga meza kwa furaha. "Munaona? Munaona mambo napata mu nyumba yangu?" Papa Komiseri akafuta machozi ya kicheko. "Mama, mie nafungaka tu. Kufungua ni kazi ya Juge." Papa Juge akainua mikono. "Mie bila dosie, bila karatasi ya kesi, niko kama kipofu, na dosie iko kwa Komiseri." Wote wakamgeukia Papa Mbunge, naye akasema, "Mie natungaka sheria tu. Na ile ya bendera, niliipigia makofi mupaka mikono ikavimba." Walicheka wote watatu, na mimi nikacheka, kwa sababu munungwe asipocheka utani umevunjika. Mwisho Papa Komiseri akasema, "Bon, wiki iyi nitaangalia. Weka bukari, inapoa." Niliiweka. Nilirudi jikoni nikicheza. Nilimwambia Chola wiki hii unatoka.

Wiki ikapita. Jumapili nyingine nilizuia tena, na wakajibu tena vilevile, kila mtu na mstari wake, kama nyimbo za misa. Sijui ilikuwa Jumapili ya ngapi nilipoelewa kwamba wameanza kuungojea. Papa Mbunge alikuja na mgeni kutoka Kinshasa, akamwambia, "Ngoja uone huyu Mbuzi." Niliingia na sahani, nikasikia kiti kinasogezwa ili mgeni anione vizuri. Mtu akikupigia kelele unaweza kumjibu. Mtu akikupigia makofi, unamwambia nini? Nilisema maneno yangu, nikataja jina la Chola, na nikaona jina lake linapita juu ya meza pamoja na pilipili, linapita kwa kila mkono, na hakuna anayelishika.

Kasho nilikwenda na kisufuria kila nilipopata nafasi. Mlinzi alikuwa na desturi yake, alifunua, akachota sehemu ya juu akala palepale, halafu akapitisha iliyobaki. Tulizoea. Nilikuwa naweka nyama chini na sombe juu. Chola alikuwa amekonda, lakini maneno hayakumwisha, aliniuliza wakubwa wangu wamekula nini, nimwelezee kwa utaratibu, na mimi nilimweleza samaki, uyoga, maharage ya nazi aliyoleta Papa Mbunge, naye alifumba jicho akitafuna hewa. Siku moja ya baridi, ule mwezi wa vumbi ambapo Lubumbashi yote inapasuka midomo, mlinzi alipokea kisufuria, hakukifunua. Alikiangalia tu. Akanirudishia kikiwa kimejaa. Hapo nilijua. Mtu yule alikuwa hajawahi kuniacha niondoke na kijiko kimoja cha chakula.

Ilikuwa Jumamosi. Jumapili nilipika, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Niliingia na bukari, nikaiweka mezani moja kwa moja, nikachukua kitambaa nikasimama kando ya kabati. Wakatazamana. Papa Mbunge akasema, "Eh, leo Mbuzi hafunge chakula? Alishashiba?" Nikasema, "Chola alikufa." Na Papa Komiseri akacheka. Sisemi kwamba alikuwa na moyo wa mnyama, alicheka kwa sababu alidhani ni mstari mpya, alikuwa amekaa tayari kucheka, na kicheko chake kilitoka peke yake kama tonge lililokwisha kufika mdomoni. Papa Juge alikunja uso akaniambia taratibu, kama mzazi, "Mwape. Utani ya kifo hatuchezake hivi." Nilimtazama tu, na nikaona namna alivyoelewa, ilimwanzia machoni, ikamshuka mikononi. Tonge alilokuwa amemega alilirudisha kwenye mlima wa bukari, akajaribu kuliunganisha na mwenzake, kama mtu anayetaka lisionekane kwamba liliguswa. Picha ya Rais ilitazama. Mlangoni kulikuwa na Mama Juge, na alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa.

Gari la Komiseri ndilo lililobeba jeneza. Gunia la unga wa kilio lilitoka kwa Papa Juge. Papa Mbunge alikuja na miwani myeusi akatoa hotuba juu ya vijana wa taifa, na hakutaja jina la kijana. Siku ile moja mamlaka zote tatu zilimfanyia kaka yangu kazi. Sikurudi kwenye nyumba ya matofali, hata kuchukua aproni. Nilianza maandazi Naviundu, nikaolewa, nikazaa, nikazika, nikabaki na Ruth. Siku aliponiambia anataka sheria, majirani walisema msichana asomee unesi, kazi hupatikana. Niliwaambia atasoma hiyohiyo. Sikuwaambia kwa nini. Nilitaka katika ukoo wangu awepo mmoja ambaye akisema ndani ya chumba cha wakubwa, wasidhani anachekesha.

Basi siku ya maziko nilivaa kitenge changu cheusi, Ruth akanishika mkono, tukaenda. Nyumba ni ileile, matofali yamefifia, uani turubai na viti vya plastiki, wanaume wanaongea siasa kwa sauti ya chini, wanawake ndani wamekaa juu ya magodoro. Sakafu haijaona nta siku nyingi. Nilipita chumba cha kulia bila kugeuza shingo. Papa Juge alikuwa amelala sebuleni ndani ya mbao nzuri, mdogo, kama mtu aliyefuliwa mara nyingi. Komiseri na Mbunge walikwisha kumtangulia zamani. Watu walinipisha, wakanong'onezana, munungwe amefika, sasa tutacheka kidogo. Wafiwa huhitaji kucheka, najua hilo, machozi peke yake yanakausha. Walipoliinua jeneza nilikwenda nikakaa mlangoni, chini, miguu nimenyoosha kuvuka kizingiti. Nikasema, "Chui hatoke. Leo pia Mbuzi amefunga njia." Kicheko kikatembea nyumba nzima. Yule mtoto wa Papa Juge aliyenipigia simu, mtu mzima mwenye mvi, suti, mtu wa ofisi kubwa, alizaliwa baada ya mimi kuondoka. Alichuchumaa mbele yangu akitabasamu kwa adabu, mkononi ana kitambaa kipya. "Mama, chukua. Na kuku tumekuwekea, tena munene."

"Sitaki kitambaa," nikasema. "Kuku mukule benyewe. Nataka jina. Kuko jina moja ilisemwa mu nyumba iyi kila Jumapili mupaka baridi ikafika, na hakuna hata mutu mumoja aliirudia. Muirudie, nitatoka."

Walicheka tena, wengine wakapiga makofi, maana munungwe mzuri huomba kitu kigumu. Yule mwanaume akacheka nao, akageuka huku na huku. "Jina gani, Mama? Jina ya nani?" Wabeba jeneza walikuwa wanabadilisha bega. Nilifungua kinywa nimwambie. Lakini ikatoka sauti nyingine, kutoka kwenye godoro la mjane, sauti nyembamba ya mwanamke ambaye hajasema tangu asubuhi.

"Chola," alisema Mama Juge. "Chola Augustin. Wa makala."

Augustin. Jina la ubatizo, ambalo chama kilikuwa kimelikataza, ambalo mama yetu peke yake alilitumia. Mezani sikulisema hata mara moja. Nilikuwa nikilisema jikoni tu, peke yangu, nikisugua masufuria, nikidhani ukuta ndio unaosikia. Nilimtazama. Alikuwa amejifunua kichwa. Hakunipa mkono, hakusema samahani, na mimi sikutaka. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile akishona kifungo, sindano imesimama. Miaka yote hii nilidhani nimelibeba peke yangu, na nilijivuna kwalo. Sijui hata sasa kama kujua kwamba alikuwa nalo kunanipoza au kunaniunguza.

Kicheko kilikuwa kimekufa chenyewe. Mtoto wake alimwangalia mama yake, kisha mimi, kisha Ruth aliyesimama nyuma yangu na mkono begani kwangu. Akainuka. Akavuta koti lake. Akasema, polepole, kwa sauti kamili, "Chola Augustin."

Nikavuta miguu yangu, nikawapa njia.